Vifungo vya Waungwana wa Stesheni ya Aldbeck

Mwaka jana nyumba ninayoishi ilituhumiwa kujifanya nyumba nyingine. Sitanii.

Naitwa Desmond. Mimi na mke wangu Bronwen tuna mgahawa wa chai ndani ya stesheni ya zamani ya Aldbeck, huku Yorkshire. Treni ya mwisho ilipita kabla sijazaliwa. Juu tunalala, chini tunauza chai na keki, maisha yanasonga.

Sasa wakubwa wa mji wakataka kuibomoa wapate maegesho ya magari.

Kinga yetu ilikuwa moja tu: kuthibitisha kwamba jengo ni lile lile la enzi za Malkia Victoria. Majengo ya umri huo hayaguswi hovyo.

Nikasema, aah, hilo dogo. Ushahidi ninao ukutani. Picha ya kuchorwa, iliyochapwa mwaka 1849, siku stesheni inafunguliwa, waungwana wamejaa wakisubiri treni na kofia zao ndefu.

Akaja mkaguzi, Bwana Lockwood. Akaitazama picha, akatoka nje, akarudi.

"Bwana, kwenye picha mnara wa saa uko kushoto. Wa kwako uko kulia."

"Eti nini?"

"Hili silo. Lile lilivunjwa, hili likajengwa baadaye. Pole sana."

Miaka kumi na tisa nakunywa chai chini ya picha ile, na hilo sijaliona! Bronwen akaanza kulia palepale kaunta, trei mkononi.

Mama yake, Enid, alikuwa meza ya dirishani anakula keki ya bure kama kawaida yake. Fundi cherehani mstaafu huyo, miaka arobaini kashona suti za wanaume. Na mdomo anao, usiombe.

Akaanza kucheka.

"Mama, si wakati wake," nikamwambia.

"Niache nicheke, mkwe. Wanaume wote hawa wamevaa makoti ya wake zao."

"Mama!"

"Tazama vifungo! Koti la kiume, upande wa kushoto unalala juu ya wa kulia. La kike kinyume chake. Hawa wote wamefunga kike. Angekuwa mmoja, ningesema kavaa gizani. Thelathini?"

Lockwood akaisogelea picha hadi pua ikakaribia kugusa kioo chake.

"Na wanasalimiana kwa mkono wa kushoto," akasema polepole.

Akakaa. Akaomba chai. Kisha akatueleza: mchoraji wa zamani alichonga picha kwenye bamba la shaba, na bamba likichapwa, kushoto kunageuka kulia. Kwa hiyo ilimpasa achonge kila kitu kinyume. Huyu wetu alikumbuka kugeuza herufi za jina la stesheni. Mengine yote akasahau!

Tukaibeba picha hadi kwenye kioo cha kujitazamia. Mnara ukahamia kulia.

"Ndilo lenyewe," Lockwood akasema. Bronwen akalia tena, safari hii kwa furaha.

Barua ikaja baada ya wiki tatu. Halibomolewi.

Nikamfuata Enid. "Mama, muda wote huo ulikuwa unajua, mbona hukusema?"

"Nilisema, mkwe. Krismasi ya kwanza mlipohamia. Nikaanza tu, 'Hivi vifungo vya hawa...' ukanijibu, 'Mama, kula keki yako.'"

Ni kweli. Nilisema hivyo, na aibu ilinishika.

Ndugu zangu, mwenye mdomo nyumbani kwenu atawachosha, najua. Lakini mwacheni amalize sentensi.