Nilimtafutia mke wangu mechanical keyboard ya bei nafuu baada ya kiharusi, ili aandike wosia wake mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu nyote, mliozoea jukwaa hili na mnaopita tu.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Kazi yangu ni ndizi na viungo, nachukua Matombo nashusha sokoni Morogoro mjini. Kompyuta siijui, kwa hiyo mkiona nimekiita kitu jina lisilo lake nisahihisheni kwa upole.

Ila ninachosimulia kimetokea ndani ya nyumba yangu, na mwenyewe amenipa ruhusa. Kasema, "Andika, badilisha majina, na usiongeze chumvi." Basi majina nimebadilisha. Chumvi hakuna.

Mwenyewe ni mke wangu. Humu tumwite Mama Shadya.

Alikuwa mchapaji kwa wakili mmoja hapa mjini, miaka mingi sana. Mikataba, viapo, barua za madai, wosia za watu. Anachapa huku anakutazama usoni na anakujibu swali lako. Kuna wateja walikuwa wanakaa pale kwenye benchi wanaangalia vidole vyake tu, kama watu wanaoangalia mpira.

Asubuhi moja alikuwa anakoroga uji. Nikasikia mwiko umeanguka.

Nikauliza, "Vipi huko?"

Akajibu kitu ambacho hakikuwa maneno.

Kiharusi. Upande wa kulia wote.

Sitawachosha na habari za wodini, waliowahi kuuguza wanajua. Alhamdulillah, alirudi nyumbani. Mguu ukaanza kukanyaga kwa kuburuta. Maneno yakarudi, mazito lakini yanaeleweka. Mkono wa kulia ndio ulibaki nyuma. Vidole vinajikunja na kujikunjua, ila nguvu hakuna.

Wakili alikuja kumjulia hali. Akamwambia, "Mama Shadya, wewe pona kwanza, nafasi yako ipo." Lakini kazi za watu hazisubiri, na kiti chake kikapata dada mwingine. Simlaumu.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoanzia.

Siku moja baada ya alasiri tumekaa barazani, akaniambia, "Baba Shadya, nataka kuandika wosia."

Nikamwambia, "Acha maneno hayo bwana. Wewe unapona."

"Najua napona. Nataka kuandika nikiwa napona, nisingoje nizidiwe."

Niwaeleze kidogo ili mnielewe. Tuna watoto wetu wawili, wakubwa. Halafu yupo Mwajuma, mtoto wa marehemu mdogo wake Mama Shadya. Tumemlea tangu hajajua kutembea, sasa yupo sekondari ya bweni. Anamwita mama, hajui mama mwingine. Lakini sisi Waislamu tunafahamu kwamba mtoto wa kulea si mrithi. Mama Shadya ana shamba lake Mikese, aliachiwa na baba yake. Akiondoka bila wosia, shamba linagawanywa kwa warithi na Mwajuma anabaki anaangalia. Akiandika wosia, anaweza kumwachia sehemu, isizidi theluthi.

Hayo alikuwa anayajua kuliko mimi. Amewachapia wangapi?

Nikamwambia, basi yule dada wa ofisini akuchapie. Akakataa.

"Nimechapa siri za nusu ya mji huu, na hakuna hata moja niliyowahi kuja nayo hapa nyumbani. Ya kwangu ndiyo nimtamkie mtu kwa ulimi huu, nirudie kila neno mara tatu?"

Wakuu, niliogopa. Niliona kama tukilitaja sana hilo neno tunakiita kifo. Nikaacha siku zipite nikidhani atasahau.

Hakusahau. Kila nikirudi sokoni namkuta na laptop mapajani. Kidole cha kulia kinatua kwenye herufi moja kinaburuta na ya jirani. Au kinagusa tu, herufi haitoki. Bismillah yenyewe alikuwa anaifuta na kuirudia mpaka anatoka jasho. Kwa mkono wa kushoto peke yake aliweza, ila kiwiliwili kizima kinapinda na bega linauma. Akaniambia, "Mkono unachapa mmoja, lakini kichwa changu kinachapa kwa miwili. Nachanganyikiwa."

Najua kuna mtu anataka kuuliza kwa nini asitumie simu. Alijaribu. Kidole kikitetemeka kwenye screen ya simu, kila kitu kinaruka.

Ndipo nikaja humu kuuliza. Nawashukuru sana mlionijibu. Mlinieleza kwamba keyboard za kawaida zina mpira chini, lazima ubonyeze mpaka mwisho, na kwamba mechanical kila herufi ina switch yake yenye spring, herufi inatoka kabla hujafika chini. Hilo nililielewa haraka. Baada ya hapo mkaanza kubishana kuhusu aina za switch, blue, brown na red, kurasa nzima, mimi muuliza swali mkaniacha njiani.

Nikaenda dukani mwenyewe. Kuna kijana anauza vifaa vya kompyuta karibu na soko, tumwite Festo. Alikuwa nazo mbili za bei ninayoiweza, zote za kichina, majina hata siyakumbuki. Ile ndefu yenye namba pembeni nikaiacha, maana mkono wa mke wangu usingefika huko. Nikachukua fupi.

Ilikuwa na switch za blue. Nikabonyeza. Sauti yake wakuu! Kila herufi inalia tak, unasikia kabisa imeingia. Nikasema hii ndiyo.

Mama Shadya aliipokea vizuri. Akaifuta kwa kanga, akaiweka mezani, akaweka vidole mahali pake kama zamani. Kushoto kukaenda. Kulia, kidole cha pete kikashuka kidogo kikakwama. Blue ina kama kigingi katikati, lazima uivuke ndipo ilie. Kidole hakivuki. Nikaona bega linapanda, uso unakunjamana.

Akatoa mikono. Akaisogeza taratibu mbele ya meza.

"Nzuri," akasema. "Ila si ya mkono huu. Wewe uliijaribu kwa mkono gani?"

Nikaitazama mikono yangu. Mikono ya kubeba mikungu ya ndizi.

Nikamwambia, twende ukajaribu mwenyewe. Akakataa. Tangu augue alikuwa hatoki isipokuwa kliniki. Mdomo ulikuwa bado umevutwa kidogo na hakutaka watu wamwone hivyo, yeye aliyekuwa anajulikana mjini. Sikumlazimisha.

Halafu asubuhi moja namkuta amevaa baibui, amekaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kama tunaenda, twende sasa, watu hawajajaa."

Tulipokaribia duka, jamaa mmoja aliyewahi kuwa mteja wa ofisini kwao akamwona. "Mama Shadya! Shikamoo!" Nilimsikia mke wangu anavuta pumzi. Neno lilichelewa, likachelewa. Yule jamaa hakugeuza macho wala hakuondoka, akasimama na tabasamu lake akisubiri. "Marahaba, baba," akasema hatimaye. Jamaa akashukuru akaenda zake. Mungu ambariki popote alipo, hajui alichotufanyia.

Dukani Festo akamletea kiti. Akatoa kibao kidogo chenye switch za aina mbalimbali, moja moja. Mama Shadya akafumba macho, akawa anazipitia kwa kidole cha pete, kisha cha mwisho, vya mkono wa kulia. Blue akaruka. Brown akakaa nayo, akatikisa kichwa. Kuna moja ilikuwa nyepesi mno, akiiwekea kidole tu inashuka yenyewe. Akacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. "Hii inaandika kabla sijasema."

Akafika kwenye red. Haina kigingi, inateremka moja kwa moja. Akabonyeza, akarudia, akarudia.

"Hii."

Mimi tayari nawaza natoa wapi hela ya keyboard nyingine. Festo akasema, "Mzee wangu, hamna haja. Hiyo yenu ni hot-swap. Unang'oa switch za blue unapachika za red, basi." Tukanunua mfuko wa switch peke yake na kile kidude cha kung'olea, kwa bei ya chini sana kuliko keyboard. Nilibahatika, wakuu. Wakati nanunua sikujua hata kama kuna kitu kinaitwa hivyo.

Festo alitaka kutubadilishia palepale. Mama Shadya akamwambia, "Niachie, nitaipachika mwenyewe."

Akaifanyia kazi nyumbani, juu ya mkeka. Mkono wa kushoto unang'oa, wa kulia unashikilia keyboard isiteleze. Dada wa mazoezi wa hospitali alikuwa amempa sponji ya kuminya kila siku, na alikuwa anaichukia kama dawa chungu. Lakini hii alikaa nayo. Pini za switch zikipinda ananiita, nazinyoosha kwa koleo ndogo, narudi kumenya ndizi zangu. Nje mvua, milima yote imeingia kwenye wingu. Tulikuwa hatuongei sana, ila palikuwa pazuri.

Festo pia alituwekea mambo mawili kwenye Windows, nayaandika hapa kwa faida ya wengine. Sticky Keys, ili ubonyeze Shift kwanza halafu herufi, si lazima kwa pamoja. Na Filter Keys, ili kidole kikigusa herufi kwa bahati mbaya isiandike.

Kisha akaanza wosia.

Alikuwa anachapa mchana baada ya kuswali. Mimi natoka, nakaa barazani, kwa sababu ni mambo yake. Siku moja akaniita. Nikadhani anataka maji.

"Kaa," akasema. "Nafika kwa Mwajuma."

Nikakaa. Sikutazama screen, nilitazama mikono. Lile jina lina herufi za kulia nyingi, M, J, U, halafu M tena. Angeweza kuvusha mkono wa kushoto akamaliza haraka. Hakuvusha. Kila ikifika zamu ya kulia alisubiri kile kidole kiende chenyewe, kikasita, kikashuka, herufi ikatoka. Mpaka jina likatimia.

Nikainuka nikaenda dirishani. Sikutaka anione.

Tulienda kwa wakili na mashahidi wawili. Wakili akasoma wote kimya, kalamu mkononi kama kawaida yake ya kutafuta makosa. Kalamu haikugusa karatasi.

"Nani amechapa?"

"Mimi."

Akaiweka kalamu mezani. Kisha akasema, "Niliona margin zilivyonyooka pembeni nikajua." Mke wangu akainamisha kichwa, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

Akasaini kwa mkono wa kushoto, mashahidi wakasaini. Tulipotoka nje akanishika mkono tushuke ngazi.

"Haya," akasema. "Sasa nipone."

Huu ni ukweli wa sasa: mkono haujarudi kama zamani na sijui kama utarudi. Kasi yake ni ndogo. Wakili amesema akiwa tayari atamletea kazi nyumbani, yeye anasema bado. Lakini anachapa kidogo kila siku, na sokoni anakuja, ananisimamia kwenye mizani.

Nilichojifunza, kwa anayetafuta mechanical ya kwanza na mfuko mdogo: usinunue kwa sifa wala kwa sauti. Mpeleke mwenye mkono akajaribu. Tafuta hot-swap, ukikosea hujapoteza yote. Na mgonjwa wako akikuambia anataka kuandika wosia, usimnyamazishe kama nilivyofanya mimi. Muulize anahitaji nini ili aandike.

Waliouguza mtu wa kiharusi, mlitumia vifaa gani? Na kuna switch nyepesi kidogo kuliko red isiyojishukia yenyewe? Nasoma kila jibu, na mengine namsomea yeye hapa.