Yosefu Anamjulia Hali Dada Yake

Eufrazia alianza kuugua pumu akiwa na miaka minne, na sasa ana hamsini na mbili. Hapa Kaole wamezoea kumwona barazani kwenye cherehani yake, akishona sare za shule, dawa yake ya kuvuta ikining'inia shingoni. Mara mbili padri alimpaka mafuta ya wagonjwa, na mara mbili aliamka akadai chai.

Mdogo wake Yosefu, mkwezi wa minazi, wametoka tumbo moja lakini homa haikuwahi kumjua. Hata mafua yalipita mlangoni kwake bila kubisha hodi.

Mwezi uliopita alimjia dada yake saa sita mchana, akitembea kwa kushika ukuta.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimekumbatia mnazi huko juu mpaka kizunguzungu kikaisha."

Ndipo akatoa siri yake. Zahanati walimkuta na presha, wakampa vidonge vya kumeza kila siku. Alimeza siku kumi, akajiona mzima, akaacha.

"Si nilikuwa nimepona?"

"Yosefu, wewe kuugua hukujui. Kuna maradhi ya kupita njia na kuna yanayohamia. Yangu yalihamia sijaanza hata shule. Nayalisha kila asubuhi yasije yakanila mimi. Hayo yako nayo yamehamia."

"Mke wangu akiviona vidonge, kesho soko zima linajua. Nani atampandisha mgonjwa kwenye mnazi wake?"

Maisha yake yote Eufrazia alikuwa akimwonea wivu. Siku hiyo alimwona kama mtu mzima anayefundishwa kutembea.

"Vilete hapa kwangu. Kila asubuhi uje kunijulia hali. Na minazi uiache mpaka daktari akuruhusu."

"Watu niwaambie nini?"

"Waambie dada kazidiwa, huwezi kumwacha. Nimezidiwa mara ngapi mimi? Hii moja haitaniua."

Siku ya tano, jirani yao Ashatu alipita na ndoo ya maji, akawakuta wamekaa barazani.

"Eufrazia, umejaliwa ndugu! Wengine humkumbuka mgonjwa akishazikwa. Haya Yosefu, dada anaendeleaje?"

Yosefu alikuwa na kidonge mdomoni. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Eufrazia akajikohoza kidogo ili Ashatu asikie, kisha akamsogezea mdogo wake kikombe cha maji.