Mbega Wanne kwa Wiki

Gillian alipiga simu Jumatatu saa tatu asubuhi, na Loice alijua atakaloambiwa kabla hata hajaipokea.

"Loice, rafu yako imebaki vumbi tu. Wiki ya tatu hii. Wageni wananiuliza wale nyani wako wapi."

"Si nyani. Ni mbega."

"Haya, mbega. Wako wapi?"

Hawakuwapo. Kwenye kikapu kando ya cherehani kulikuwa na mikia sita ya kitambaa isiyo na miili, na gunia la sufi lililopasuka pembeni likawa linamwaga nyuzi zake sakafuni kila mtu alipopita. Loice alisema wako njiani, akakata simu, akakaa akiitazama ile mikia kwa hasira, kana kwamba ndiyo iliyomkosea.

Loice alizaliwa Waa miaka thelathini na tisa iliyopita. Baba yake, mzee Muthoka, alishuka pwani kutoka Ukambani akiwa kijana, akapata shamba, akapanda mahindi na mihogo na hakurudi tena. Loice mwenyewe alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika chumba cha kufulia cha hoteli moja Diani, mpaka mwaka ule wa korona hoteli ikafungwa na wafanyakazi wakaambiwa wakasubiri nyumbani. Akasubiri. Siku moja katika kusubiri kwake akachukua kipande cha mahameli nyeusi, akakijaza sufi ya mti uliokuwa nyuma ya nyumba, akakitia mabega ya uzi mweupe na mkia mrefu kuliko kiwiliwili. Akatokea mbega, kama wale wanaoruka juu ya barabara ya Diani. Alipofika kwenye uso, uzi ukavutika kidogo kwenye pembe ya mdomo, na mnyama akabaki na sura ya mtu aliyeudhiwa na jambo ambalo hataki kulisema. Mumewe Elphas, mpishi wa hoteli, alimtazama mbega yule akacheka mpaka akakaa chini.

"Huyu ni wewe," akamwambia.

Watu waliupenda uso ule. Hoteli zilipofunguka tena, Gillian, mwanamke wa Nakuru mwenye duka la zawadi Diani, akampa Loice rafu nzima. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Maana Loice alishona kama mvua inavyonyesha kule kukavu Kinango. Mori ukimpanda alishona siku nne mfululizo, nyumba haijafagiliwa, Elphas na binti yao Mwende wakila mkate na chai, na siku ya tano mbega kumi na watano wakawa wamekaa kwenye kochi wamenuna. Kisha mori ukashuka. Wiki moja, mbili, tatu, asiweze hata kuigusa mahameli. Alijiambia kwamba ndivyo walivyo watu wa kazi za mikono na kwamba huwezi kulazimisha. Lakini kila simu ya Gillian ilimfanya ajihisi mvivu, na uvivu ni tusi ambalo binti wa Muthoka hakuweza kulimeza.

Mwaka uliofuata chama chao cha akina mama kikaitiwa semina ukumbini Ukunda. Mkufunzi alitoka Nairobi, kijana mwenye suruali fupi na sauti ya kuhubiri. Akawaambia waamke saa kumi alfajiri. Akawaambia waweke picha tatu mtandaoni kila siku bila kukosa, waandike ratiba, waibandike ukutani. Loice akanunua karatasi ya manila, akaipiga mistari kwa rula ya Mwende, akaibandika sebuleni.

Jumatatu, saa ya kwanza ya ratiba, maji yalifunguliwa baada ya siku nane za ukavu na kijiji kizima kikakimbilia mferejini na madumu. Jumanne akaja Kaindi, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, akataka Loice amsaidie kushona kola ishirini za kanzu za kwaya.

"Kaindi, nina kazi," Loice akasema.

"Kazi gani tena? Si uko nyumbani tu?"

Jumatano shangazi wa Elphas akapita kusalimia, akakaa mpaka wali ukaiva. Alhamisi Loice aliamka saa kumi kama alivyoagizwa, akasinzia juu ya cherehani, akamshonea mbega mkono kichwani. Ijumaa akaibandua ile manila ukutani, akaikata vipande vya kupimia miguu na mikia. Kwa kazi hiyo ilimfaa sana.

Kisha Disemba ikaja, na Gillian akataka mbega sitini kabla ya Krismasi.

Loice alisema ndiyo. Baadaye alijaribu kukumbuka ni nini kilichomfanya aseme ndiyo upesi vile, akapata jibu moja tu, kwamba alichoka kusemwa. Akawaita wanawake watatu wa chama, akawakatia vitambaa, akawaonyesha uso. Walikuwa washonaji wazuri kumshinda, mishono yao imenyooka. Lakini mbega wao walitabasamu. Wengine walifanana na paka. Mmoja, aliyeshonwa na Kavenya, alikuwa mbuzi kabisa, mbuzi mwenye furaha.

"Mbona wanacheka?" Loice akauliza.

"Kwani wasicheke? Ni vitu vya watoto!" Kavenya akasema.

Loice akazifumua nyuso zote kwa wembe, akazishona upya mwenyewe. Siku ya kumi na mbili kifundo cha mkono wa kulia kikavimba akawa hawezi kushika kikombe. Alipeleka arobaini na mmoja. Gillian akawapanga juu ya meza ya duka, akawageuzageuza, akawarudisha kumi na tisa kwenye gunia.

"Hawa si kazi yako, Loice. Huyu mkia utang'oka leo. Huyu hana shingo. Mimi nimewaambia watu wangoje, na wamengoja."

"Mkono wangu umevimba, Gillian."

"Naona. Pole. Sasa mimi niwauzie wageni mkono?"

Januari rafu ya Loice ikawekwa twiga wa mbao walioagizwa kwa katoni. Loice akalifunika cherehani kwa shuka, akaenda kufua na kupiga pasi katika nyumba moja ya wageni. Miezi mitano alifua, hakushona hata kitufe. Elphas, ambaye kwa miaka mitatu alilala chumba kimoja na magunia ya sufi na kupiga chafya kila alipojigeuza, alidhani angefurahi. Hakufurahi. Mkewe sasa alinuna kutwa, naye hakuwa na pa kukimbilia.

Mwezi Juni Loice akazikunja mita tisa za mahameli zilizobaki, akazipeleka Ukunda kwa Suleiman, muuza vitambaa aliyemuuzia tangu mwanzo.

"Bwana Suleiman, habari za asubuhi? Nimekuja kurudisha."

"Njema, alhamdulillahi. Kurudisha nini?" Suleiman akaifungua mahameli, akaifunga tena. "Nguo ikishakatwa haina marejeo, Mama Mwende. Unalijua hilo."

"Basi uniuzie kwa wengine. Mimi nimeacha."

Suleiman akavua miwani. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alikuwa amekwisha kugombana na mleta mizigo na subira yake ilikuwa imebaki kidogo.

"Nikwambie ukweli usikasirike? Katika wateja wangu wote, wewe ndiye unayenichosha. Miezi miwili sikuoni, nasema huyu kahama. Halafu unaingia unahema, unataka jora zima, leo leo, na jora hapana. Nikiliagiza likaja, wewe hupo. Mahameli nyeusi hapa Ukunda nani mwingine atanunua? Mwenzio mshona mabuibui pale juu huja kila Jumatano, mita tatu za kitambaa chake. Mvua ipo, mfungo upo, mita tatu. Hata simfikirii. Namkatia tu."

"Mwenzangu huyo hana kamati ya kanisa," Loice akasema, akachukua nguo zake akatoka bila kuaga.

Alikaa kwenye benchi nje ya duka la dawa, damu ikimchemka. Ili kujithibitishia kwamba yeye si mtu wa kubabaisha, akafungua picha kwenye simu. Alikuwa na desturi ya kumpiga picha kila mbega kabla hajaondoka nyumbani. Akaanza kuhesabu wale wa mwaka wake mmoja kamili, ule wa kujivunia, kabla ya Disemba ya balaa. Akahesabu mara mbili. Walikuwa mia mbili na tisa.

Akagawanya kwa wiki hamsini na mbili. Wanne na kitu.

Alihesabu tena, kwa sababu jibu lile lilimuudhi. Siku zote zile za kushona mpaka mgongo unakakamaa, mkate na chai, magomvi na Elphas, na kisha wiki za kujilaumu, yote kwa yote ilikuwa mbega wanne kwa wiki. Wanne angewashona asubuhi nne, akapika na akaoga.

Akarudi dukani. Suleiman alipomwona akaanza kuomba radhi, Loice akamkatiza.

"Niwekee hizi mita tisa. Kila Jumatano nitachukua mbili. Zikiisha uagize, na nikija siku nyingine usinipe."

"Nisikupe vipi? Nguo yako mwenyewe?"

"Usinipe."

Wiki ya pili tu, siku ya Ijumaa, mori ukampanda. Alikuwa amemaliza wanne wake, vidole vikimwasha kwa hamu, akaenda Ukunda mbio. Suleiman alikuwa akifunga duka kwenda msikitini.

"Leo si Jumatano," akasema.

"Nimebadilisha mawazo."

"Mimi sijabadilisha. Na hutuba inaanza."

Loice alimwita jina ambalo si la kuandikwa hapa, tena siku ya Ijumaa, akarudi Waa akalima bustani kwa hasira mpaka jioni. Jumatano iliyofuata alikuwa bado na ile hamu, akashona vizuri kuliko alivyowahi kushona.

Watu ndio waliokuwa wagumu. Alimwambia Kaindi kwamba Jumatatu mpaka Alhamisi, saa mbili hadi saa sita, yuko kazini na mlango hafungui. Kaindi akaligeuza likawa neno la kanisa zima: Loice siku hizi ana maringo, Loice anajiona mzungu. Jumapili mbili akina mama walimsalimu kwa ncha za vidole. Shangazi wa Elphas alibisha hodi dakika ishirini, huku akilisikia cherehani, akaondoka akilia. Hilo lilimuuma Loice kwelikweli, akaenda kwake Ijumaa na sukari na maneno ya heshima, na shangazi akamsamehe nusu. Maji yalibaki vilevile, yakija yanapotaka. Loice akajifunza kwenda mferejini na nyuso kwenye mfuko wa kanga, akishona midomo huku madumu yakisogea.

Julai akampelekea Gillian mbega wanne.

"Wanne?" Gillian akasema. "Loice, rafu ni mita moja na nusu."

"Wanne leo. Jumanne ijayo wanne. Kila Jumanne wanne."

"Na Disemba?"

"Disemba wanne."

"Wewe unanitania."

"Sikutanii. Mara ya mwisho nilikwambia sitini, ukaona."

Gillian akawachukua kwa shingo upande, akawaweka mwisho wa rafu, nyuma ya twiga. Mwezi mzima alipiga simu kila Jumatatu kuulizia, na kila Jumatatu Loice alimjibu kwa mkato, "Kesho." Kufikia mwezi wa tatu tangu hapo simu zikakoma. Wageni walioambiwa kwamba mbega huja Jumanne wakawa wanakuja Jumanne, na twiga wakahamishiwa dirishani.

Agosti ya mwaka uliofuata hoteli moja kubwa ikamtafuta Loice moja kwa moja. Walikuwa na mkutano, walitaka mbega mia katika wiki tano. Loice akasema hapana. Akarudia, hapana, asante.

Elphas alipopata habari aliliweka chini sufuria alilokuwa amelishika.

"Mia, Loice! Mia! Umewakataa watu mia?"

"Ni mbega, si watu."

"Miaka yote nimelala na sufi puani nikingoja siku kama hii!"

"Na mkono wangu ukivimba utanifulia wewe? Nyuso utashona wewe?"

"Ungejaribu tu."

"Nilishajaribu, Elphas. Uliniona nilivyojaribu."

Siku mbili hawakusemezana ila kwa kupitia Mwende. Loice mwenyewe hakuwa na hakika. Alishona wanne wa wiki ile huku akiwaza mia, na mmoja akatoka na uso wa huzuni badala ya kununa, ikabidi amfumue. Hakuna aliyemwambia kwamba amefanya vyema. Kaindi alimwambia waziwazi kwamba amechezea riziki.

Oktoba mzee Muthoka akaugua, akalazwa Msambweni wiki mbili. Loice akampigia Gillian kutoka kwenye veranda ya wodi.

"Jumanne hii na ijayo sitakuja. Baba yangu amelazwa."

"Pole sana, dada. Basi tarehe kumi na nne?"

"Tarehe kumi na nne."

Gillian hakuuliza zaidi. Loice alibaki na simu mkononi akingoja lawama zilizozoeleka, kisha akaingia ndani kumlisha mzee uji. Tarehe kumi na nne alipeleka wanne. Rafu ilikuwa imefutwa vumbi, tupu, inamngoja.

Sasa ni mwaka wa tatu. Jumatano iliyopita aliingia dukani kwa Suleiman akakuta jora jipya limefunguliwa juu ya kaunta. Akalishika, akalitoa mpaka barabarani juani, akarudi nalo.

"Hii ni bluu."

"Nyeusi hiyo, Mama Mwende."

"Bluu. Umeona wapi mbega wa bluu?"

"Jua linakudanganya."

"Wewe ndiye unayenidanganya. Ile ya zamani imebaki ngapi?"

"Kipande kile pale, upande mmoja umepauka."

Loice akasonya. Akakivuta kile kipande, akakipima kwa mkono kutoka kwenye ncha ya kidole mpaka begani, akakigeuza kutafuta palipo pazuri.

"Kata mita mbili hapa, kwa huku. Na uchukue mkasi mwingine, huo unatafuna."