Kilichokuwa Nyuma ya Taa ya Bwana Kessy

Siku niliyoripoti kazini halmashauri ya Kilosa kama mkaguzi wa taa za nje, Mkuu wa Idara hakunionyesha meza. Alinisimamisha juani mbele ya kioo cha gari, akaniuliza, "Nyuma ya gari kuna nini?"

"Sioni, mzee. Macho yanauma."

"Huo ndio mng'ao," akasema. "Mwanga unaoingia machoni badala ya kuangukia kinachotakiwa kuonekana. Kazi yako ni kuudhibiti."

Nilianzia Rudewa, nikiwasuluhisha majirani waliomulikiana madirishani. Sheria ndogo zilitaka taa ya nje ielekee chini na iwe na kofia, yaani kifuniko cha kuzuia mwanga usivuke mpaka wa kiwanja. Wengi walielewa. Kisha nikahamishiwa Mikumi, ambako ng'ambo ya mpaka kuna pori.

Huko Bwana Kessy alikuwa na nyumba ya wageni. Alisimamisha mlingoti, akafunga taa kubwa kama ya uwanja wa mpira, ikamulika porini. Mlinzi wake, Mzee Saidi wa Malolo, ndiye aliyekuja ofisini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna kitu kinapumua nyuma ya ule mwanga. Kila jioni. Nikisogea, kinanyamaza. Tajiri ananicheka."

Nilikwenda giza lilipoanza kuingia. Tukasimama watatu kwenye uzio wa waya. Nyasi za karibu zilikuwa nyeupe kama chokaa. Baada ya hapo, weusi mtupu. Hata nyenje hawakulia.

"Madamu, taa hii ndiyo ulinzi wangu," Bwana Kessy alisema.

Ndipo nikasikia pumzi. Nzito, ya taratibu, kama ya mtu aliyelala chumba cha pili. Ikafuata ngurumo ya chini sana, niliyoihisi kifuani kuliko masikioni.

"Lori hilo," Bwana Kessy akasema. Barabarani hapakuwa na gari.

"Zima taa."

"Kwa amri ya nani?"

"Kwa sheria ndogo. Zima."

Alimwashiria Mzee Saidi, naye akavuta swichi. Tukawa vipofu.

"Msitembee," mzee akanong'ona.

Nyota zilirejea kwanza. Kisha nikaona mahali pasipo na nyota, hapa na pale, pakubwa, na pembeni palitikisika. Masikio. Tembo kundi zima, wa mbele akiwa ameukaribia waya kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa. Sisi hatukuwaona, wao walikuwa wakitutazama muda wote. Bwana Kessy alinishika mkono wa gauni. Tembo wakageuka, wakaondoka bila kuvunja hata kijiti.

Kesho yake Bwana Kessy aliishusha taa, akaivisha kofia. Alimwomba Mzee Saidi abaki, akaahidi kumjengea kibanda cha matofali. Mzee alikwisha kufunga mizigo.

"Wewe umewaona mara moja, mwanangu," aliniambia tulipoagana stendi. "Mimi nimekuwa nikilinda huku nimewapa mgongo tangu taa ile iwashwe."

Sasa nimestaafu. Vijana walioshika kazi yangu huniuliza wafanyeje mwenye mali akigoma kuivisha taa yake kofia. Nawaambia wasibishane naye. Wamwombe azime taa, wasimame naye papo hapo kimya, mpaka macho yazoee giza. Mara nyingi hamtaona kitu, nawaambia. Ila msiondoke kabla hamjahakikisha.