Chungu Kidogo cha Mama

Jumanne. Joto tangu asubuhi, mawingu yamejaa wala hayanyeshi.

Jana nesi alinifunga ule mpira mkononi, akasema, "Presha, mzee. Punguza chumvi." Tangu hapo situlii, nawaza alasiri moja nyumbani kwetu Kitete, enzi za Ujamaa, nikiwa mdogo.

Mama alikuwa ametoka hospitali. Bibi, mama yake baba, akambandikia chungu chake kidogo kando ya kile kikubwa cha sote. Ua ulijaa moshi wa kuni na harufu ya karanga. Kwetu wanawake na watoto tulikula sinia moja. Aliyetengewa chakula chake, kama sikosei, ni yule waliyegombana naye. Nikajua Mama anafukuzwa. Nikawa naenda mlangoni mwake na kurudi, nikitazama kama amefunga mzigo.

"We mume wangu, mbona hutulii? Umekalia upupu?" Bibi aliniuliza.

"Mama anakwenda wapi?"

Akacheka. Sasa najua kwa chungu kile alikuwa akimlinda mkwewe na chumvi, kama daktari alivyoagiza. Chumvi aliyokwisha kuichota kwa ajili ya chungu kikubwa akairudisha kibuyuni.

"Haendi popote. Leo sote tutakula kama yeye."

Jioni tulikula ugali wa mtama na kisamvu cha karanga kisicho na chumvi, sinia moja. Dada zangu walikunja nyuso. Mama alikula akashiba.