Picha za Mokeira na Kamati ya Harusi

"Mama Haron, huyu msichana wako atapiga watu picha mpaka lini, na siku hizi kila mtu ana simu?"

Swali hilo niliulizwa na jirani yangu, mama Machogu, tukiwa tumebeba majani chai kwenda kuyapima. Nilirekebisha mzigo mgongoni, nikaendelea kutembea. Lakini tangu siku hiyo nimemwangalia Mokeira vizuri, na habari zake ni hizi.

Mokeira ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimekaa naye hapa Nyansiongo tangu akiwa darasa la tatu. Alipomaliza kidato cha nne karo ya chuo ilikosekana, basi akaenda Kisii mjini kufagia studio ya bwana mmoja anaitwa Jeconia, mtu mpole wa kutoka kule ziwani. Huko ndiko alishika kamera mara ya kwanza. Mshahara wake wa kwanza haukuleta sukari nyumbani wala sabuni. Ulileta vitabu viwili vya mtumba, kimoja cha upigaji picha, kingine cha pesa za biashara ndogo.

Vitabu hivyo vimenichosha. Cha picha kilisema jua la saa sita linaharibu uso, ngoja la jioni. Kwa hivyo saa kumi, wakati wa kukamua, mimi nilikuwa nasimamishwa nyuma ya zizi na shuka jeupe mikononi, nimrudishie Kwamboka wa jirani mwanga usoni. Ng'ombe analia. Inua kidogo, mama mdogo. Nainua. Sasa shusha. Nashusha. Na shuka lenyewe ni la kitanda changu.

Cha pesa ndicho alikipenda zaidi. Kilisema bei itajwe kabla ya kazi, iandikwe, wenye harusi watie sahihi, na jambo hilo libaki kati yao na mpiga picha. Nilimwambia hata Biblia inasema ndiyo yetu iwe ndiyo. Akafurahi, akaandika hayo kando ya ukurasa.

Shida ni kwamba mwandishi wa kitabu hicho hakuwahi kukaa kwenye kamati ya harusi ya kwetu.

Mwaka jana Sheila, binti wa mzee Osoro wa kanisa letu, alipata mchumba. Mokeira alikwenda kwake na karatasi, wakapatana bei, Sheila akatia sahihi. Pesa hiyo Mokeira alikuwa ameshaipangia. Jeconia alikuwa anauza kamera moja ya zamani, nzuri bado, na alikubali kumwekea hadi mwisho wa Agosti. Akiba yake pamoja na malipo ya Sheila ingetosha. Angekuwa na kamera yake mwenyewe, asikodi tena ya watu. Habari ya kamera niliijua. Habari ya karatasi sikuijua, maana kitabu kilisema iwe siri.

Kamati ikakutana Jumatano baada ya maombi. Kwetu hukai kwenye kamati bure. Mmoja baada ya mwingine mnasimama na kutoa ahadi: huyu mbuzi, yule mchele, yule gari la kubeba maharusi, na mweka hazina anaandika. Mimi nilitoa ndizi na kuku watatu. Mwenyekiti wetu, mzee Obwocha, akauliza na watoto wa nyumba yangu je. Wa wenzangu walikuwa wameshatajwa wote. Nikaona haya.

"Mokeira atatoa picha," nikasema.

Wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani namshukuru Mungu kwamba mtoto wa dada yangu naye amehesabiwa kati ya watu.

Wiki iliyofuata Sheila alipeleka ile karatasi kwa kamati ili ilipwe, maana mambo ya pesa za harusi ni ya kamati, si ya bibi harusi. Akaambiwa picha zimeshatolewa. Mokeira alikuja jikoni akaniuliza kama ni kweli nilisema hivyo. Nikasema ni kweli. Kisha nikageukia sufuria.

Asubuhi nikaenda kwa mzee Obwocha kuiondoa ahadi. Nilimweleza yote, karatasi, kamera, kosa langu. Akasema ahadi iliyofungwa kwa maombi haifunguliwi. Tena akacheka.

"Yeye anabonyeza tu kitufe, mama. Mbuzi wangu ndiye anakufa."

Mungu anisamehe, nilitoka pale bila kuaga.

Mokeira alifikiri siku mbili. Kisha akasema Sheila hana kosa na sahihi ni sahihi, akatoa kwenye akiba yake akakodi kamera.

Harusi ilikuwa Jumapili. Programu ilisema saa nne. Bibi harusi alifika saa saba. Mhubiri alihubiri kama mtu aliyewangoja tangu saa nne. Mokeira alikuwa amepima mwanga wa uwanja mzima, wapi wakwe, wapi keki, lakini mvua ya kwetu Borabu haisomi programu. Saa tisa ilimwagika, na shuka langu likaliwa na matope. Ndani ya kanisa simu zilikuwa zimeinuliwa kama mahindi. Wakati wa pete, mjomba wa Sheila, Mokua, alisimama katikati ya njia na simu yake, mgongo wote kwa Mokeira. Mokeira akamwomba kwa adabu asogee kidogo.

"Hata mimi napiga," Mokua akamwambia. "Ama hii harusi umeinunua?"

Basi Mokeira akainama, akapita chini ya kwapa lake. Pete aliipata.

Na akapata moja ambayo hakuna simu iliyoiona. Mlangoni, mvua ikinyesha nyuma yao, mama yake Sheila amepiga magoti, anapangusa matope kwenye viatu vya bintiye kwa leso yake mwenyewe, na Sheila anatazama kichwa cha mama yake. Jioni ile watu wote wa kanisa waliiweka kwenye simu zao. Mama Machogu pia. Hakuna aliyeandika ni kazi ya nani.

Agosti ikaisha. Jeconia aliongeza siku tano, halafu akampigia mwenyewe kumwambia, kwa masikitiko, kwamba mtu wa Nyamarambe amekuja na pesa yote mkononi na ameondoka na kamera.

Jumapili iliyofuata kamati ilivunjwa kwa chai na mandazi. Mokeira alishukuriwa kwa makofi. Kisha mzee Obwocha akatangaza harusi ya kijana wake, Ondieki, mwezi wa Desemba. Kamati mpya ingeanza Jumatano, na kwa upande wa picha tusihangaike, tuna mtoto wetu. Wote wakanigeukia. Nilitazama kikombe changu.

Nilimkuta Mokeira nyumbani akimenya ndizi. Nikamweleza kila neno. Hakupandisha sauti. Aliweka kisu chini, akafuta mikono, akaniambia:

"Mama mdogo, Jumatano wakikuuliza juu yangu, naomba usiwajibu. Waambie waniulize mimi."