Wasifu Ulioandikwa Juu ya Mwingine

Kompyuta yangu ya kwanza iliuawa na radi, na kosa halikuwa la radi. Huku kwetu Nyamache hata mtoto anajua kwamba mawingu yakianza kujikusanya alasiri, mtu huchomoa kila kitu ukutani: redio, televisheni, chaja ya simu. Siku hiyo nilikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, tukijadili kwa saa mbili viti vya plastiki vilivyoazimwa na kutorudishwa. Niliposikia ule mpasuko upande wa nyumbani, nilijua.

Kilichookoka kilikuwa flashi moja iliyokuwa mfukoni mwa koti langu. Ndani yake mlikuwa na faili moja tu ya maana, wasifu wa marehemu mke wangu, uliosomwa siku tuliyomzika. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Yafaa nieleze kazi yangu. Tangu nistaafu ukarani katika kituo cha kununulia majani chai, mimi ndiye ninayeandika wasifu wa marehemu wa kijiji chetu. Familia hunijia na majina ya watoto na wakwe kwenye karatasi ya daftari, nami hupanga. Lakini sijawahi kuanza na ukurasa mtupu. Nilikuwa nafungua wasifu wa marehemu aliyetangulia, nafuta majina yake, natia majina mapya, kisha nauhifadhi kwa jina jingine. Maneno yaliyobaki yalimfaa yeyote. Wote niliowaandikia walikuwa wacheshi, wacha Mungu, wapenda watu, na wameacha pengo lisilozibika. Kwa maandishi yangu, kijiji hiki hakijawahi kumzika mchoyo.

Binti yangu, anayefanya kazi Nairobi, aliniletea kompyuta yake baada ya kujinunulia nyingine. Ilikuwa nyembamba kama kitabu cha nyimbo, ya aina ambayo sikuwa nimewahi kuigusa.

"Tata, hii si kama ile yako," alisema, akiniita baba kwa lugha yetu. "Kaa nikuonyeshe. Kuna mambo inafanya yenyewe."

"Mimi nilianza na taipureta," nikamwambia. "Chombo ni chombo."

"Basi nikuandikie kwenye karatasi."

"Karatasi ya nini? Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma."

Alinitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama. Alipokuwa akiondoka akaniambia jambo moja. Desemba wangekuja wote kulijengea kaburi la mama yao, na alitaka ausome ule wasifu mbele ya watu, yeye mwenyewe. "Siku ile sikusikia hata neno, Tata. Nililia tu. Uutunze."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, uko mfukoni.

Wiki za kwanza mimi na mashine ile tuliishi kama watu wawili waliogombana na bado wanalala nyumba moja. Kitufe cha kufunga, nilichozoea kukikuta kulia, kilikuwa kushoto. Nilivuta ukurasa chini, ukapanda juu. Nilifunga programu, nayo ikajificha pale chini ikinisubiri. Nilikuwa kama ng'ombe wa jembe aliyezoea upande mmoja wa nira, akafungwa upande wa pili uzeeni. Kila mara ilipoleta kisanduku cha maneno, nilibonyeza "sawa" bila kusoma. Kizungu ninakisoma vizuri, nilikifanyia mtihani wa kidato cha nne. Sikusoma kwa sababu niliona mashine haina la kuniambia.

Kisha akafa jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Mke wangu hakuelewana naye hata siku moja, kwa kuwa mbuzi wa jirani huyo walikula mboga za chinsaga za mke wangu msimu baada ya msimu, na jirani akisema mbuzi hawana macho. Wanawe walikuja Jumanne na karatasi yao. Mazishi yalikuwa Alhamisi. Nikatia flashi, nikafungua wasifu pekee niliokuwa nao, wa mke wangu. Kisanduku kikatokea. Nikabonyeza sawa. Nikafuta jina lake, nikaweka la mwenye mbuzi. Nilipomaliza nilitafuta mahali pa kuhifadhi kwa jina jingine, sikupaona. Nikaona basi nifunge bila kuhifadhi chochote, baada ya kuchapisha. Kwenye mashine yangu ya zamani, usipohifadhi, ya zamani hubaki salama.

Wiki iliyofuata nilifungua faili ile nimtumie binti yangu. Nje iliandikwa jina la mama yake. Ndani alikuwa mwenye mbuzi, mpenda majirani, mcheshi, ameacha pengo.

Nilimpigia simu.

"Tata, mashine hii inahifadhi yenyewe kila unapoandika," alisema taratibu. "Lakini huwa inakumbuka ya zamani. Uliandikia ndani ya kompyuta, au kwenye flashi?"

"Kwenye flashi."

"Kwenye flashi haiwezi kukumbuka. Lakini ingekuuliza kwanza. Ilikuuliza?"

"Iliniuliza."

"Ukaiambiaje?"

"Nilisema sawa."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Yalibaki makaratasi yaliyogawiwa siku ya mazishi. Yangu nilikuwa nimeyagawa yote, nikijisifia uchapaji. Mtu pekee niliyejua hatupi karatasi ni mdogo wake mke wangu, aliyeolewa Kebirigo. Naye hakuwa amezungumza nami tangu siku ile ya mazishi. Aliondoka kabla ya chakula, nikasema kwa watu kwamba ana majivuno.

Nilimkuta akianika mahindi. Nilimweleza yote, hata mbuzi. Akaingia ndani, akatoka na Biblia, na katikati yake ile karatasi imekunjwa mara nne.

"Soma, shemeji," akasema. "Soma kwa sauti."

Nikasoma. Nilipofika mstari wa sita nikaacha.

"Endelea."

"'Katika ujana wake alipenda sana kandanda,'" nikasoma, "'na alikuwa golikipa hodari.'"

"Dada yangu alidaka mpira uwanja gani, shemeji?"

Nilikuwa nimeandika juu ya wasifu wa mwalimu mmoja aliyezikwa mwezi mmoja kabla yake, na mstari ule haukufutwa.

"Hakuna aliyeniambia," nikasema.

"Watu waliinama kwa aibu. Wewe ulikuwa kiti cha mbele unaangalia kama maikrofoni inasikika." Alikaa kwenye kiti kidogo, mkono mmoja ukiendelea kutandaza mahindi. "Na huyo mcheshi ni nani? Dada yangu alicheka mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili alikuwa anakucheka wewe."

Nikacheka, naye akacheka, kisha akaacha kabla yangu.

Nilirudi nyumbani na karatasi, lakini sikuwa na la kumtumia binti yangu. Kitu nilichokuwa nikikililia hakikuwahi kuwa cha mke wangu. Kilikuwa cha mwalimu, na kabla ya mwalimu kilikuwa cha mtu mwingine. Mashine ilikuwa imefuta jina lake tu, kwa sababu hakukuwa na kingine chake humo.

Nilimweleza binti yangu ukweli, pamoja na golikipa. Akasema, "Basi andika mwingine, Tata. Anza mwanzo." Safari hii nikaomba anielekeze jinsi ya kufungua ukurasa mtupu, nikaandika kila hatua kwenye karatasi.

Asubuhi nzima nilikaa mbele ya ule weupe. Niligundua sijui alibatizwa mto gani, wala kwa nini aliacha shule darasa la saba. Nikampigia shemeji kule Kebirigo, akaniambia. Nikampigia tena. Mara ya tatu alisema, "Wewe uliishi na nani miaka yote hiyo?" lakini akajibu.

Kufikia mchana nilikuwa na mistari minne. Mitatu ilitoka kwa shemeji. Wa nne ulikuwa wangu, kwamba mama yenu alikaa miaka thelathini na minane na mtu wa kuandika, na mtu huyo hakumwandikia hata barua.

Nikamtumia binti yangu hivyo hivyo. Jibu lilikuja kabla sijanyanyuka kitini: "Endelea, Tata."